Nani Amemaliza Nyama? Historia ya Elki, Wawindaji na Mkataba wa 1868



Mazungumzo yetu ya leo yatatupeleka mbali, mpaka Marekani, kwenye milima yenye theluji. Najua wengine watauliza: mwalimu, tuna shida zetu hapa, Marekani inatuhusu nini? Nitawajibu kwa kuwakumbusha jambo lililotokea katika mkutano mmoja nilioongoza. Mzee mmoja, mwindaji tangu ujana wake, alisimama akasema: "Zamani nilitoka alfajiri, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekutana na nyayo za wanyama wa namna tatu. Sasa natembea siku mbili naona nyayo za watu tu." Kabla hajakaa, kijana mmoja akajibu: "Ni hawa waliokimbilia kwetu ndio wamemaliza nyama." Wakimbizi waliokuwepo wakasimama pia. Tulihitaji muda mrefu kuwatuliza watu.

Mzee alisema alichokiona. Kijana alisema alichokidhani. Mambo hayo mawili si sawa, na tukiyachanganya tunaweza kupigana bure. Watu wa Marekani waliyachanganya, damu ikamwagika, na kosa la hukumu likakaa zaidi ya miaka 120 kabla halijasahihishwa. Ndiyo historia nitakayowasimulia.

I. MNYAMA NA NCHI YAKE

Elki ni ndugu wa kulungu wa nchi za baridi, lakini ni mkubwa sana. Dume anaweza kupita kilo 300, na pembe zake zina matawi kama mti. Pembe hizo huanguka kila mwaka na kuota tena. Wakati wa joto elki hupanda juu milimani kula majani mabichi. Theluji ikianza kufunika milima, hushuka kwa makundi mpaka mabondeni, kwa maana huko ndiko majani yanakopatikana wakati wa baridi. Kwa hiyo anahitaji nchi mbili na njia inayoziunganisha. Ukimfungia njia, umemuua hata kama hujapiga risasi. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Mahali ninapozungumzia ni Yellowstone, ambayo serikali ya Marekani iliifanya parke mwaka 1872. Ndiyo parke ya taifa ya kwanza duniani. Sehemu yake kubwa iko katika jimbo la Wyoming. Kusini yake kuna bonde linaloitwa Jackson Hole. Kabla ya parke na kabla ya majimbo, watu wa makabila ya Shoshone, Bannock, Crow na mengine waliwinda huko. Walijua elki hupita wapi na katika mwezi gani.

II. MKATABA: WANYAMA NA AMANI KATIKA SENTENSI MOJA

Mwaka 1868 serikali ya Marekani ilifanya mikataba na makabila hayo. Wakuu wa Crow walitia sahihi Fort Laramie mwezi wa Mei. Wakuu wa Shoshone na Bannock walitia sahihi Fort Bridger mwezi wa Julai. Walikubali kuachia sehemu kubwa ya ardhi yao na kukaa ndani ya mipaka iliyowekwa. Wao nao waliahidiwa haki ya kuendelea kuwinda katika ardhi ya serikali isiyokaliwa na watu. Maana ya maneno ya mkataba ni hii: haki hiyo itadumu maadamu wanyama wa kuwinda wanapatikana humo, na maadamu kuna amani kati ya wazungu na wenyeji kwenye mipaka ya mawindo.

Mimi nilisomea sheria, na nimesoma mikataba mingi, lakini mara chache nimeona wanyama na amani vikiwekwa pamoja namna hii. Waliouandika walielewa kwamba mambo hayo mawili hutembea pamoja.

Lakini wino ulipokauka, wawindaji wa biashara waliingia. Katika miaka ya 1870 waliua elki kwa maelfu kwa ajili ya ngozi, na mara nyingi nyama waliiacha ioze. Uwindaji ndani ya parke ulikatazwa mwaka 1883. Mwaka 1886 waliletwa askari wa jeshi kulinda, na mwaka 1894 ilitoka sheria yenye adhabu kali. Wakati huo elki walikuwa wamekwisha toweka katika sehemu nyingi za Marekani. Waliobaki walikuwa wengi zaidi huku, karibu na Yellowstone.

III. JACKSON HOLE, 1895

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la kijana wetu: nani amemaliza nyama?

Wazungu waliohamia Jackson Hole walikuwa wameanza kupata pesa kwa kuwaongoza matajiri waliotoka mbali kuja kuwinda kwa starehe. Wakati huohuo jamaa za Wabannock walikuwa wakitoka Fort Hall, katika jimbo la Idaho, kuja kuwinda kama mkataba ulivyosema. Walikuja na wake zao na watoto wao, wakakausha nyama kwa ajili ya wakati wa baridi. Wahamiaji wakasema: hawa ndio wanaomaliza elki. Jimbo la Wyoming, lililozaliwa mwaka 1890, lilikuwa na sheria yake ya majira ya kuwinda, na wahamiaji walitaka iwafunge Wabannock pia.

Mwezi wa Julai 1895, kundi la wahamiaji wenye bunduki lilikamata Wabannock waliokuwa wakiwinda, wanaume, wanawake na watoto. Njiani, mateka walipojaribu kukimbia, walipigwa risasi. Mzee mmoja aliuawa.

Sasa sikilizeni habari zilivyokwenda. Magazeti ya miji ya mbali yaliandika kwamba Wahindi wamewaua wahamiaji wote wa Jackson Hole, hata mmoja hakupona. Ulikuwa uongo mtupu. Jeshi lilipotumwa, liliwakuta wahamiaji wazima nyumbani mwao. Aliyekufa alikuwa yule mzee wa Kibannock. Ndugu zangu, sisi tunaokaa karibu na redio tunajua jinsi uongo wa namna hii unavyoweza kuua watu kabla ukweli haujafika.

Baada ya hapo wakubwa walikubaliana mambo yapelekwe tribinali. Mwindaji mmoja wa Kibannock, jina lake Race Horse, alishitakiwa kwa kuua elki saba. Hakimu wa kwanza alimwachilia, akasema mkataba unamlinda. Lakini mwezi wa Mei 1896 Tribinali Kuu ya Marekani iligeuza hukumu hiyo. Ilisema kwamba Wyoming ilipokuwa jimbo kamili, haki ya kuwinda iliyo katika mkataba ilikufa. Race Horse alishindwa, na kabila lake likashindwa pamoja naye.

Je, elki walipona? Tuangalie.

Katika miaka ya 1908 hadi 1911 baridi ilikuwa kali, na elki wa Jackson Hole walikufa kwa njaa kwa maelfu. Wabannock walikuwa wamekwisha zuiwa zaidi ya miaka kumi, na bado mizoga ilijaa mabondeni. Sababu ilikuwa nini? Mabonde ambayo elki walishukia wakati wa baridi yalikuwa yamekuwa mashamba. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya ng'ombe, na ua umezungushwa. Nchi ya pili ya elki, ile niliyowaambia mshike neno lake, ilikuwa imefungwa.

Aliyesaidia sana nchi nzima kulijua jambo hilo alikuwa mwindaji. Stephen Leek alikuwa mfugaji wa Jackson Hole na mwongozaji wa wawindaji matajiri. Alichukua picha za elki waliokuwa wakifa kwenye theluji, akazionyesha mahali pengi. Mwaka 1912 bunge la Marekani likatenga mahali pa kuwatunza elki katika bonde hilo. Huyu ni mtu wa upande wa wahamiaji, lakini alitazama kwa macho yake, na akasema alichokiona hata kama kiliwahukumu wenzake. Shahidi wa namna hiyo ni mtu wa amani.

IV. WENGI AU WACHACHE? KILA MTU NA BONDE LAKE

Sasa twende upande wa kaskazini wa Yellowstone, ambako ugomvi mwingine ulidumu karibu miaka mia.

Wakubwa wa parke waliwaona mbwa mwitu kuwa adui, wakawaua mpaka wa mwisho mwaka 1926. Mbwa mwitu wa huko ni mkubwa, na makundi yake huwinda elki. Alipokwisha, elki waliongezeka, wakala michipukizi ya miti mpaka miti michanga ikashindwa kukua karibu na mito. Basi magade wa parke wakaanza kupunguza elki kwa bunduki. Katika majira ya baridi ya 1961 na 1962 peke yake, waliua zaidi ya 4,000.

Wawindaji wa vijiji vya jirani walikasirika. Walisema: "Sisi tunanunua kibali, tunangoja elki atoke nje ya parke, nanyi mnawaua humohumo ndani!" Wataalamu walisema elki ni wengi mno, na wawindaji walisema wanamalizwa. Ugomvi ulifika mpaka kwa maseneta, na baada ya kikao cha mwaka 1967 kazi hiyo ya kuua ilisimamishwa. Elki wakaongezeka tena. Katika hesabu ya mwaka 1994 walikuwa karibu 19,000.

Mwaka 1995 na 1996 serikali ilirudisha mbwa mwitu 31 kutoka Kanada. Baada ya hapo hesabu ya elki kwa jumla ilishuka, na mwaka 2013 walihesabiwa chini ya 4,000. Wawindaji walisema: "Tuliwaambia! Ni mbwa mwitu." Wengi wao walisema hivyo kwa uchungu, kwa sababu kazi yao ya kuongoza wageni ilikuwa ikifa.

Je, walikosea? Kwa sehemu walisema kweli. Mbwa mwitu walikula elki wengi. Lakini waliochunguza waliona mambo mengine pia. Dubu na puma walikuwa wameongezeka. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 yaliua elki wengi. Ukame ulipunguza majani. Na kulikuwa na uwindaji wenyewe: tangu mwaka 1976 wawindaji waliruhusiwa kuua elki waliotoka nje ya parke mwishoni mwa baridi, na waliowaua zaidi walikuwa majike wenye umri wa kuzaa. Mbwa mwitu huchagua mara nyingi ndama na wazee, lakini risasi ya mwindaji ilimpata mama mwenye nguvu. Baadaye vibali vilipunguzwa sana, kisha uwindaji huo ukasimamishwa.

Tena, elki walibadili njia. Zamani wengi walipitisha baridi ndani ya parke. Siku hizi sehemu kubwa hushuka kaskazini, nje ya mpaka, kwenye malisho ya wafugaji. Mwongozaji anayetazama bonde la ndani anasema: elki wamekwisha. Mfugaji wa bonde la nje anasema: elki ni wengi, wanamaliza chakula cha ng'ombe wangu. Hakuna anayesema uongo kati yao. Kila mmoja anasimulia bonde lake.

Hesabu yenyewe ina mpaka wake. Elki huhesabiwa kutoka ndani ya ndege wakati wa baridi, na waliojificha chini ya miti hawaonekani. Mwaka 2018 walihesabiwa zaidi ya 7,000, kumaanisha walikuwa wameanza kuongezeka tena. Mtaalamu anahitaji macho ya mwindaji kumwambia wanyama wamehamia wapi. Mwindaji naye anahitaji daftari la mtaalamu kumwonyesha miaka mingi kwa pamoja, kwa maana kumbukumbu ya mtu mmoja hushika zaidi mwaka uliomfurahisha na mwaka uliomtesa.

V. HUKUMU YARUDI, 2019

Turudi kwenye mkataba. Mwezi wa Januari 2014, wawindaji wa kabila la Crow walifuata elki kutoka ardhi yao katika jimbo la Montana. Nyayo ziliwapeleka mpaka ndani ya msitu wa serikali wa Bighorn, upande wa Wyoming, wakaua elki huko. Mmoja wao, Clayvin Herrera, alishitakiwa. Tribinali ya chini ilimkataza hata kuutaja mkataba wa 1868 mbele ya wazee wa baraza, akahukumiwa.

Hakuacha. Alikata rufaa mpaka Tribinali Kuu, na tarehe 20 Mei 2019 mahakimu watano kati ya tisa walimpa haki. Walisema haki ya mkataba haikufa kwa sababu tu Wyoming ilikuwa jimbo, na kwamba msitu haukuwa "ardhi inayokaliwa" kwa sababu tu serikali iliufanya msitu wa taifa. Waliiweka kando hukumu ya Race Horse ya mwaka 1896, na kesi ikarudishwa chini ili mambo yaliyobaki yaangaliwe. Hesabuni miaka wenyewe: 123. Race Horse hakuisikia. Lakini karatasi ilikuwepo, na wajukuu waliikumbuka. Ahadi iliyoandikwa vizuri inaweza kulala muda mrefu pasipo kufa.

VI. NA SISI HAPA KWETU?

Historia hii ina mzizi kwetu pia. Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea Marekani mwaka 1919, akaona parke za huko. Mwaka 1925 akaanzisha parke ambayo leo tunaiita Virunga, ya kwanza katika Afrika. Mawazo yalivuka bahari, na matatizo yakavuka nayo: mpaka juu ya karatasi, watu waliokuwa wakiishi na kuwinda humo, na wanyama wasiojua mpaka.

Tunajua yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa karibu 29,000. Mwaka 2003 walihesabiwa chini ya 1,500. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walifika kando ya Goma, pasipo kuni na pasipo chakula, na miti mingi ya parke ilikatwa. Mwaka huohuo UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya mahali palipo hatarini.

Sitawaambia kwamba mkimbizi hakati mti. Mama mwenye sufuria na watoto watano atatafuta kuni. Lakini kuni za kupikia hazielezi viboko elfu na elfu waliokufa. Wengi waliuawa kwa silaha za vita, mikononi mwa watu wenye bunduki, wenye sare na wasio na sare, na nyama na meno yao yakauzwa. Tukisema "ni wakimbizi" tukanyamaza hapo, tumefanya kama wahamiaji wa Jackson Hole. Tumemkamata aliye karibu na aliye mnyonge, na sababu kubwa inaendelea kula.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyekimbia vita ameona njia ambazo mwenyeji hakuziona. Mwanamke anayetafuta kuni anajua ni wapi msitu umerudi nyuma. Mvuvi wa ziwa Edward anajua viboko walikuwa wapi. Gade wa parke anajua mitego imepatikana upande gani. Wakikaa pamoja, wanaweza kupata picha moja.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa lokalite mambo matatu.

La kwanza: mtu akisema "nyama imekwisha" au "miti imekwisha," mwulizeni aliona nini, wapi, na mwaka gani. Andikeni katika daftari la kijiji. Msiandike kabila la mtu anayedhaniwa, andikeni tendo lililoonekana.

La pili: kabla ya kutoa neno katika baraza, hakikisheni kwamba wakimbizi wana msemaji wao, na kwamba wanawake wamesikilizwa. Race Horse alihukumiwa na watu ambao hawakuwahi kungoja nyama ya baridi pamoja na watoto wake.

La tatu: mkikubaliana juu ya njia, kuni, maji au shamba la muda kwa waliokimbia, andikeni, someni kwa sauti katika lugha ya kila mmoja, watie sahihi wote, na kila upande ubaki na nakala. Makubaliano ya mdomo huondoka pamoja na mkuu aliyeyasema. Na msisahau kwamba kuwinda ndani ya parke kumekatazwa na sheria ya nchi yetu. Daftari la kijiji halimpi mtu ruhusa hiyo. Linawapa sauti mnapozungumza na wanaolinda parke.

Mkataba wa 1868 uliweka sharti mbili pamoja: wanyama wapatikane, na amani iwepo kwenye mipaka. Sisi tuanze na ile iliyo mikononi mwetu leo jioni, katika mazungumzo ya jirani na jirani.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika kijiji chetu au kambi yetu, ni mnyama gani au mti gani umepungua? Nani aliona, na tangu mwaka gani?
2. Tumewahi kumlaumu mtu au kabila pasipo ushahidi? Jambo hilo liliishaje?
3. Ni njia zipi za watu au za wanyama zimefungwa tangu vita? Nani anaweza kuzifungua?
4. Ni makubaliano gani kati ya wenyeji na waliokimbia tungependa yaandikwe mwezi huu?

 Mwambieni na jirani ambaye hana redio.